Ubishi wa Mwepesi na Mzito

Kwa miaka ishirini na miwili yule mama alitunza santuri za redio, na kila Jumapili alasiri aliketi mbele ya maikrofoni akazipiga. Wasikilizaji ndio waliomwita Mama Santuri. Wafanyakazi wenzake nao wakaona jina limemkaa, hata mlinzi wa getini alikuwa akimwandika hivyo kwenye daftari la wanaoingia, jina lake halisi akiwa hana habari nalo.

Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, na hakikuwa na dirisha. Rafu za chuma zilipanda kutoka sakafuni hadi karibu na dari, santuri zimesimama wima kwenye bahasha zake, nyingine zimechanika pembeni na kuungwa kwa gundi ya karatasi. Kila siku alizitoa chache, akazifuta kwa kitambaa laini akifuata mzunguko wa mifereji, akazirudisha. Akimaliza rafu ya mwisho, ile ya kwanza ilikuwa imeshashika vumbi tena. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa zamani, na magoti yake yalizijua ngazi zote kwa idadi.

Lakini si vumbi lililomchosha, wala si ngazi. Kilichomchosha ni ubishi.

Mtu asiyesikiliza muziki wa okestra anaweza kudhani wapenzi wake ni watu wapole, wanaofumba macho na kutikisa kichwa taratibu. Mama Santuri mwenyewe alidhani hivyo alipoanza. Haukupita mwezi akajua amekalia moto. Siku aliyopiga misa ya wafu ambayo mtungaji wake alifariki kabla ya kuimaliza, ikamaliziwa na mwanafunzi, daktari mmoja wa meno aliandika kurasa nne kusema kwamba kufanya vile ni sawa na kumalizia barua ya marehemu na kuitia sahihi yake. Wiki iliyofuata wakamjibu watu kumi na saba. Kulikuwa na mpiga piano mmoja ambaye katika rekodi zake husikika akiguna chini kwa chini huku anapiga. Muuguzi mmoja alisema miguno ile humfanya ahisi mtu yuko naye chumbani. Mhasibu mmoja akasema kama ni hivyo basi amtoe chumbani, aache piano. Kulikuwa na mwimbaji wa kike wa zamani ambaye santuri yake ilikuwa inakwaruza kama mtu anakaanga kitu. Nusu ya wasikilizaji walilia wakimsikia, nusu wakapiga simu kuuliza kama redio imeharibika.

Hayo yote yalikuwa mchezo wa watoto ukiyaweka kando ya vita vya Mwepesi na Mzito.

Chanzo chake ni simfoni moja, na hasa sehemu yake ya pili, ile inayokwenda polepole. Maktaba ya redio ilikuwa na rekodi tano za simfoni hiyo, kila moja ikiongozwa na mtu wake. Wa kwanza huimaliza sehemu ile kwa dakika tisa. Mwingine huichukua karibu dakika kumi na tatu. Noti ni zilezile, hakuna aliyeongeza wala kupunguza. Siku moja Mama Santuri, kwa kukosa neno zuri zaidi, alisema hewani kwamba huyu ni mwepesi na yule ni mzito, na tangu hapo majina yakaganda. Wasikilizaji wakawabatiza na wale watatu waliobaki: mmoja Mwanajeshi, mmoja Kijana, na wa tano Mlalamishi, kwa sababu mwendo wake hauaminiki, mara anakokota, mara anaharakisha, mara anaghairi, kama mtu asiyeridhika na lolote.

Nyumbani alikokuwa akiishi na dada yake mkubwa, mkunga mstaafu, mambo haya hayakueleweka kabisa. Mara ya kwanza alipomsimulia dada yake kwamba kondakta mmoja anakimbiza na mwingine anachelewesha, dada alimsikiliza kwa makini hadi mwisho, kisha akauliza kwa nini abiria hawashuki.

Mwepesi alikuwa na wapiganaji wake, na Mzito alikuwa na wa kwake, lakini majemadari walikuwa wawili. Upande wa Mwepesi alikuwepo Fundi Saa, mzee mwenye kibanda cha kutengeneza saa pembeni mwa posta. Upande wa Mzito alikuwepo Mwalimu, aliyefundisha kemia miaka mingi na sasa amestaafu, anaishi upande wa pili wa mji. Hawakuwahi kuonana. Kwa miaka kumi na mmoja waligombana kwa barua, Mama Santuri akiwa katikati kama wavu. Fundi Saa aliandika kwamba muziki ule uliandikwa utembee, kwamba moyo wa mtu mwenye amani hupiga hivyohivyo anavyopiga Mwepesi, na kwamba Mzito anamuua mgonjwa huku akimshika mkono. Mwalimu alijibu kwamba Mwepesi anapita katikati ya muziki ule kama mtu anayekatiza msibani akitafuta funguo zake. Fundi Saa akasema heri kutafuta funguo kuliko kulala mlangoni. Ikawa ndiyo hivyo, Jumapili baada ya Jumapili.

Mama Santuri alizisoma zote hewani kwa sauti ileile, bila kuegemea. Wengi walimsifu kwa haki yake. Ukweli ni kwamba hakuwa na upande. Wakati fulani alikuwa nao, lakini alipousikia muziki ule mara mia mbili huku akifikiria nani ataandika nini, ulimfia masikioni. Sasa akiishika santuri yake mkononi aliiona kama sahani ya kuoshwa.

Siku moja mkuu wa vipindi alipanda hadi chumbani kwake. Alikuwa kijana wa rika la kuwa mwanawe, mwenye adabu, aliyemwamkia vizuri kabla ya kumbebesha mzigo. Alisema amepitia ujumbe wa wasikilizaji na ameona kwamba kipindi cha Jumapili hakiishi kwa muziki, kinaishi kwa ugomvi. Akamuomba awaalike wazee wale wawili studio. Watapigiwa vipande bila kuambiwa ni vya nani, kila mmoja aandike jina, mshindi apatikane, watu wachangamke. Mama Santuri alimweleza kwamba Mwepesi na Mzito hata mtoto anaweza kuwatofautisha. Mkuu akasema basi atumie rekodi zote tano, achague tatu.

"Wazee wa watu, mwanangu," Mama Santuri alimwambia. "Sikuwalea wapigane kama majogoo."

"Wamepigana miaka kumi na mmoja, mama," kijana akajibu kwa upole. "Sisi tunawapa viti tu."

Alikuwa amechoka mno kubishana kuhusu ubishi. Akaandika barua mbili za mwaliko.

Jumapili ile Mwalimu alifika saa nzima kabla ya wakati. Mama Santuri alimkuta kwenye benchi la mapokezi, mrefu, koti limepigwa pasi, mikono imelala juu ya magoti. Alimwamkia kwa heshima, mzee hakuitika. Akamwamkia tena, akiwa amesimama mbele yake sasa, na Mwalimu akaruka kidogo, akaitika kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Walipoanza kupanda ngazi, Mama Santuri alimuuliza kama alipata shida njiani. Mwalimu akasema ndiyo, miaka sabini na minne.

Mama Santuri alisimama kwenye ngazi. Mwalimu naye akasimama, akamtazama usoni, na pale pale akajua kwamba amejulikana. Akamuomba waende mahali pa kukaa. Ndani ya chumba cha santuri, mlango umefungwa, alimweleza. Violini hazisikii tena. Filimbi hazisikii. Anasikia ngoma kubwa, na besi kidogo kama mtu anasogeza meza nyumba ya jirani. Kifaa cha sikioni alipewa, lakini humletea mvumo tu, na muziki ukipita mle hutoka kama bati.

"Tangu lini, Mwalimu?" Mama Santuri aliuliza, akitamka taratibu.

"Huu mwaka wa nne."

Miaka minne. Mama Santuri alipiga hesabu ya barua. Wiki tatu tu zilizopita huyu huyu alikuwa amemwandikia kulalamika kwamba santuri ya Mzito imeanza kukwaruza katika dakika ya sita, na yeye, na magoti yake haya, alibaki kazini hadi jioni akiichunguza kwa miwani ya kukuzia. Hasira ilimpanda. Alitaka kumwambia arudi kwake, na barua zake aache.

"Kwa nini uliendelea kuandika?"

Mwalimu alizitazama rafu. Alisema kwamba nyumbani watu ni wema, hawamtesi. Lakini wamechoka kurudia maneno, kwa hiyo siku hizi wanazungumza na mke wake, na mke humwandikia kwenye karatasi yaliyo ya lazima: dawa, chakula, fulani amekuja, na kila Jumapili mistari miwili ya yale aliyosema Fundi Saa redioni. Hakuna anayemuuliza anaonaje.

"Yule mtu wa saa ndiye peke yake anayenijibu," akasema. "Nisipokuja leo atasema nimemkimbia. Naomba usimwambie."

Muda ulikuwa umefika. Mama Santuri alichukua kitambaa chake cha kufutia kwa kuwa mikono ilitaka kitu cha kushika, wakaenda studio.

Fundi Saa alikuwa ameshafika. Mfupi, mnene, lenzi yake ya kazi bado inaning'inia shingoni kwa uzi. Wazee wale walipeana mikono kama watu wanaofunga mkataba wasioutaka. Fundi Saa akasema alidhani Mwalimu ni mnene zaidi, kwa jinsi anavyopenda uzito. Mwalimu akamtazama midomo, akachelewa kidogo, kisha akasema yeye alidhani Fundi ni mrefu zaidi, kwa jinsi anavyotaka kufika upesi. Nyuma ya kioo mkuu wa vipindi alicheka kwa furaha, akampiga fundi mitambo begani.

Taa nyekundu ikawaka. Mama Santuri akawasalimu wasikilizaji, akaeleza utaratibu: vipande vitatu, dakika mbili mbili, kila mzee aandike jina kwenye karatasi bila kumwonyesha mwenzake. Kisha kipande cha kwanza kikaanza, na Mama Santuri akamtazama Mwalimu akiwa amekaa wima kabisa, uso umetulia kama mtu anayepigwa picha. Mzee anakwenda kuaibika mbele ya mji mzima, na aliyemwandikia mwaliko ni yeye.

Ndipo Fundi Saa akaanza kugonga. Hakujua kama anagonga. Ni mazoea ya mtu aliyeishi na saa. Kidole cha shahada kilikuwa kikipiga juu ya meza, ukucha tu, pigo kwa pigo, sawasawa na muziki. Na macho ya Mwalimu yakashuka mezani, yakatulia juu ya kidole kile.

Mama Santuri alielewa taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mwalimu huyu alikuwa amewahi kuandika kwamba rekodi zote tano alizipima kwa saa ya maabara, kila dakika, na mwendo wa kila mmoja anaujua kwa moyo. Hakuhitaji violini. Alihitaji mwendo tu, na mwendo ule pale, kwenye ukucha wa adui yake.

Nyuma ya kioo fundi mitambo akapunga mkono, akaonyesha sikio lake, akaonyesha meza. Maikrofoni ilikuwa inanasa zile ngo, ngo, ngo. Kazi ya Mama Santuri ilikuwa kumgusa Fundi Saa bega na kumsimamisha. Angefanya hivyo kwa mgeni yeyote. Badala yake alikikunja kitambaa cha kufutia santuri mara nne, akamnyanyua mzee kiganja kwa adabu, akaingiza kitambaa chini ya kidole chake. Kidole kikaendelea, bila sauti. Fundi mitambo akainua dole gumba.

Kipande cha kwanza kilikuwa cha Mwepesi. Karatasi zote mbili zikasema Mwepesi. Cha pili kilikuwa cha Mwanajeshi, na wote wakapata. Mkuu wa vipindi alikuwa amesimama sasa, pua karibu na kioo.

Cha tatu kilikuwa cha Mlalamishi. Katikati yake Fundi Saa aliinua macho. Labda alitaka kuona kama mpinzani wake anatoka jasho. Akamkuta hatazami spika, hatazami hewani kama wafanyavyo watu wanaosikiliza. Anatazama kidole. Fundi Saa akatazama kidole chake mwenyewe, akatazama kile kitambaa, akamtazama Mama Santuri. Mama Santuri akayakwepa macho yake. Kisha Fundi Saa akasimamisha kidole.

Muziki ukaendelea kujaza chumba, violini zote kwa pamoja, na uso wa Mwalimu ukapotea njia. Macho yakamtoka kidogo, mkono wenye kalamu ukaganda. Ilikuwa ni sekunde tano, pengine sita. Mama Santuri aliziona ndefu kuliko rekodi yoyote aliyowahi kuipiga.

Fundi Saa akaanza kugonga tena. Lakini sasa hakuwa anagonga kwa mazoea. Aliinamia meza kama anayeinamia saa ya mteja, akanyanyua kidole juu zaidi, akakishusha wazi: hapa anakokota, hapa anaharakisha, hapa ameghairi. Kalamu ya Mwalimu ikashuka. Mlalamishi.

Wakatoka sare. Mkuu wa vipindi alitaka neno la mwisho kutoka kwa kila mmoja, na Mama Santuri akawageukia. Mwalimu alisema mpinzani wake ana sikio zuri, ameona. Fundi Saa akasema kwa ukali kwamba sare ni sare, lakini Mwalimu bado hajui anachosema, na aandike Jumapili ijayo ajieleze vizuri.

Baadaye, Mwalimu akiwa ameshachukuliwa na mkewe, Fundi Saa alimfuata Mama Santuri hadi mwisho wa korido. Alikuwa anahema.

"Masikio yamekwenda, siyo?"

"Muulize mwenyewe, Mzee."

"Siwezi. Nikimuuliza ataona haya, na akiona haya hataandika." Akaishika lenzi yake, akaizungusha. "Nawe usimwambie kwamba nimejua."

Mama Santuri alishuka ngazi zote siku ile akiwa ameshika ukuta. Nyumbani dada yake alimwekea maji ya moto ya miguu, akamuuliza nani ameshinda, akajibiwa kwamba hakuna. Dada akasema basi wamepoteza Jumapili nzuri.

Kuanzia wiki iliyofuata barua za Fundi Saa zilibadilika. Matusi yalikuwa yaleyale, lakini yalikuja na mzigo. Mwalimu bila shaka, kwa uvivu wake, hakugundua kwamba katika dakika ya nne Mzito anaziacha violini za pili zipande juu ya zile za kwanza, kama moshi unaopita dirishani. Mwalimu bila shaka amesahau kwamba filimbi inaingia peke yake, imechelewa nusu pumzi, na pumzi ya mpigaji inasikika. Kurasa sita, kurasa nane. Mtu aliyemchukia Mzito miaka kumi na mmoja sasa alimsikiliza kila siku kibandani, sikio kwenye spika, ili apate cha kumtukana nacho kwa undani. Na kwa kuwa Mwalimu asingezisikia hewani, na mkewe asingewahi kunakili kurasa zote hizo, Mama Santuri alikuwa akizitoa nakala na kumtumia kwa posta, akisingizia kwamba ni utaratibu mpya wa kituo. Mwalimu alijibu kila moja, mstari kwa mstari, kwa moto wa zamani.

Mkuu wa vipindi alifurahi, akaongeza nusu saa kwenye kipindi. Lakini hakumpa Mama Santuri msaidizi. Barua zikawa nyingi, mashine ya nakala ilikuwa ghorofa ya kwanza, na Mama Santuri akawa anashuka na kupanda mara mbili zaidi ya zamani. Kuna siku aliapa kwamba angewakutanisha wale wazee kwenye benchi moja, awaambie wote wawili yote, apumzike.

Miezi minne baadaye ilikuja bahasha kutoka kwa Mwalimu, ndogo kuliko kawaida. Ndani mlikuwa na barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kusomwa hewani, ikimwita Fundi Saa kiziwi wa moyo na kukanusha habari ya moshi wa violini kwa hoja tano. Ya pili ilikuwa kwa Mama Santuri mwenyewe, mistari michache kwa mwandiko wa ubaoni.

Mwalimu aliandika kwamba siku ile studio aliona kidole kiliposimama, na akaona kilivyoanza tena. Hakuwa mjinga. Anajua kwa nini barua za yule mtu zimekuwa ndefu, na katika kuzisoma husikia vitu ambavyo hata alipokuwa na masikio hakuvisikia. Kwa hiyo anaomba jambo moja tu. Mama Santuri asimwambie Fundi Saa kwamba yeye anajua, kwa sababu yule mtu akijua ataanza kumhurumia, na huruma haibishani.

Mama Santuri aliisoma amesimama, kisha akavuta kiti akaketi. Akaisoma tena. Kisha akaifungia barua ya pili kwenye droo ya meza, akaiweka ya kwanza kwenye jalada la Jumapili, akaiteremsha santuri ya Mzito kutoka kwenye rafu, na akashuka ngazi kwenda kutoa nakala.